Kukalibreti Streni Geji Ukiwa Mbali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na mafundi wa mizani, wanafunzi wa uhandisi walio kwenye mafunzo ya vitendo, na wahandisi waliobandika geji vizuri kabisa kisha wakashangazwa na namba zilizotoka upande wa pili wa kebo. Ili hesabu zisitupotee, kebo ya mfano ni moja kote: mita 100, waya za shaba za milimita 0.25 za mraba. Kila waya, kwenda tu, una ukinzani wa takriban 6.9 Ω (ohm).

Jambo la kuzingatia kabla ya kuanza: neno "daraja" humu lina maana ya saketi ya rezista nne. Likiwa daraja la kupita magari, litatajwa hivyo.

## Mambo ya mwanzo

1. Streni geji inapima nini hasa?

Ni kijikaratasi cha plastiki chenye utando wa chuma uliokunjwakunjwa kama njia ya nyoka. Hugandishwa kwa gundi juu ya kitu unachotaka kukipima. Kitu kikirefuka, utando hurefuka nacho na ukinzani wake hupanda, kikifupika, hushuka. Streni ni urefu ulioongezeka ukigawanywa kwa urefu wa awali. Kwa kuwa namba hiyo ni ndogo mno, tunaihesabu kwa maikrostreni, yaani sehemu za milioni. Fito ya chuma ya mita moja ikirefuka milimita moja, hiyo ni maikrostreni 1000. Kwa chuma cha kawaida cha ujenzi huo ni mkazo wa takriban megapaskali 200, na kutoka hapo si mbali kufika pale chuma kinaponyooka na kisirudi.

Geji ya kubandika ilibuniwa mara mbili mwaka 1938, na watu wawili ambao hawakuwa wakifanya kazi pamoja: Edward Simmons huko California, na Arthur Ruge wa chuo cha MIT, aliyetaka kujua tetemeko la ardhi hulifanya nini tangi la maji lililoinuliwa juu ya nguzo. Fundi anayehangaika na geji juu ya mnara wa tangi leo yuko nyumbani kabisa.

2. Kwa nini tusipime ukinzani kwa tesita tu?

Kwa sababu badiliko ni dogo mno. Geji ya 120 Ω yenye geji fakta ya 2 (yaani sehemu ya ukinzani inayobadilika ni mara mbili ya streni) ikipata maikrostreni 1000, ukinzani wake hubadilika kwa 0.24 Ω tu. Tesita ya mkononi inaweza kupoteza kiasi hicho kwenye ncha zake zenyewe. Daraja la Wheatstone huondoa ile 120 yote na kukuachia tofauti peke yake, ambayo amplifaya huikuza. Kwa geji moja na maikrostreni 1000 unapata milivolti 0.5 kwa kila volti unayolilisha daraja. Ni kidogo, lakini inapimika vizuri.

3. "Kukalibreti kwa shanti" ni kufanya nini?

Ni kuiigizia saketi streni bila kugusa chuma. Unachukua rezista kubwa, makumi ya maelfu ya Ω, na kuifunga sambamba na geji. Ukinzani wa pamoja hushuka kidogo, kwa kiasi unachoweza kukihesabu, na chombo huona kana kwamba geji imebanwa. Kama hesabu inasema maikrostreni 1000 na skrini inaonyesha 946, umejua saketi inapoteza kiasi gani njiani.

Uzuri wake kwa kazi ya mbali ni kwamba kinachohitajika ni swichi tu. Huhitaji kupanda mnara, kusimamisha magari wala kubeba mawe ya mizani.

4. Nitumie rezista ya ukubwa gani?

Gawanya ukinzani wa geji kwa zao la geji fakta na streni unayotaka kuigiza, kisha toa ukinzani wa geji. Kwa geji ya 120 Ω, geji fakta 2 na maikrostreni 1000: 120 ÷ 0.002 ni 60,000. Toa 120, unabaki na 59,880 Ω. Ndiyo maana ile 59.88 kΩ unaikuta katika vyombo vingi. Kwa geji ya 350 Ω jibu ni 174,650 Ω.

Angalia geji fakta iliyoandikwa kwenye pakiti. Kama ni 2.08 na si 2.00, rezista ileile ya 59.88 kΩ inaigiza maikrostreni 962, si 1000. Watu wengi hukosea hapa, kwa sababu chombo kimeandikwa "1000" kwenye kitufe.

Nunua rezista ya usahihi wa 0.1% au bora zaidi, isiyoyumba na joto. Rezista ya 5% kutoka droo ya fundi redio itakupa ugezi (yaani kukalibreti) wenye kosa linaloweza kufika 5%.

5. Mbona namba inatoka hasi?

Rezista sambamba hupunguza ukinzani, na ukinzani ukipungua chombo husema geji imefupika. Ukitaka namba chanya, funga shanti kwenye rezista mwenza, ile inayokamilisha daraja upande wa pili wa geji. Ukubwa ni uleule, alama inageuka. Kwa streni za kawaida tofauti kati ya pande hizi mbili haina uzito. Ukiigiza maikrostreni 10,000 daraja la geji moja lenyewe limeshapinda kwa takriban 1%, na hapo fanya hesabu kamili.

6. Je, shanti inatosha badala ya uzito halisi?

Haitoshi. Shanti huijaribu saketi: waya, viungo, volti ya kulisha, amplifaya, programu. Haiijaribu gundi. Geji iliyobanduka nusu, iliyobandikwa kwa kupinda, au iliyowekwa mahali ambapo chuma hakifanyi kazi, itajibu shanti vizuri kabisa na kukudanganya siku ya mzigo.

Kwa hiyo mara moja, mwanzoni, weka mzigo unaojulikana. Kwenye tangi ni rahisi: maji ya mita ya ujazo moja ni tani moja, na mita ya maji inakuambia umejaza kiasi gani. Papo hapo, kabla ya kuondoka, soma shanti na uandike. Kuanzia siku hiyo shanti hiyo ndiyo kumbukumbu ya ule mzigo halisi, na unaweza kuiuliza kutoka mji mwingine.

## Waya mrefu

7. Kebo inaharibu nini?

Inaharibu mambo mawili, na kila moja lina dawa yake. La kwanza ni kupunguza usikivu: ukinzani wa waya umo kwenye mkono (upande) mmoja wa daraja na geji lakini hauhisi streni, hivyo badiliko lilelile la 0.24 Ω linagawanywa kwa namba kubwa zaidi. La pili ni joto: shaba hupandisha ukinzani kwa takriban 0.39% kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na chombo hakijui kama ukinzani umepanda kwenye geji au kwenye kebo iliyoanikwa juani.

Shanti inaponya la kwanza tu. Hili la pili linaponywa na namna ya kufunga waya, na ndilo swali linalofuata.

8. Nyaya mbili au tatu?

Tatu. Ukitumia mbili, ukinzani wote wa kwenda na kurudi, karibu 13.8 Ω kwa kebo yetu, uko kwenye mkono wa geji. Jua likipandisha joto la kebo kwa nyuzi 10, ukinzani huo unaongezeka kwa nusu Ω, na chombo kinaonyesha karibu maikrostreni 2000. Kwa mujibu wa skrini chuma cha kawaida kingekuwa kimeshakwisha, kumbe ni saa nne asubuhi tu na mabati yameanza kupata moto.

Kwa nyaya tatu, waya mmoja unakaa kwenye mkono wa geji, wa pili kwenye mkono wa rezista mwenza, na wa tatu unapeleka ishara kwenye amplifaya bila kubeba mkondo wa maana. Waya mbili za kwanza zikipata joto kwa pamoja, zinafutana. Kinachobaki ni kupungua kwa usikivu: 120 ÷ 126.9, yaani hasara ya 5.4%.

Nyaya hizo tatu ziwe ndani ya kebo moja na za urefu mmoja. Nimekuta waya wa tatu umeungwa kwa kipande cha waya wa spika kwa sababu "rangi iliisha". Hapo kufutana hakupo tena.

9. Geji ya 120, 350 au 1000 Ω?

Kwa kebo ndefu, kubwa zaidi. Waya wa 6.9 Ω unakula 5.4% ya geji ya 120, karibu 2% ya geji ya 350, na 0.7% tu ya geji ya 1000. Geji ya ukinzani mkubwa hula pia umeme kidogo, jambo ambalo betri ya kituo kisicho na mtu italithamini. Gharama yake ni kwamba unyevu huiumiza zaidi. Tazama Swali la 19.

## Mahali pa kufunga shanti

10. Shanti ifungwe kwenye geji au kwenye chombo?

Swali hili ndilo limenifanya niandike ukurasa huu. Rezista ile ile, geji ile ile, kebo ile ile, lakini mahali pa kuifunga panaweza kukuponya au kuongeza kosa zaidi ya mara tatu. Zipo njia tatu.

Ya kwanza: shanti inafungwa moja kwa moja kwenye vituo vya geji. Badiliko linaanzia palepale streni inapoanzia, linapita njia ileile, linapungua kwa kiasi kilekile. Chombo kinaonyesha 946 badala ya 1000. Unaongeza ukuzaji mpaka isome 1000, na hasara ya kebo imefutika. Hii ndiyo njia safi. Ubaya wake ni kwamba geji iko juu ya mnara, hivyo unahitaji nyaya mbili zaidi kutoka kwenye geji hadi kwenye swichi iliyo karibu nawe (Swali la 11).

Ya pili: shanti inafungwa kwenye rezista mwenza, ambayo iko ndani ya chombo. Mtu anadhani hapa kebo haihusiki. Inahusika, na kwa bahati nzuri. Katika mpango wa nyaya tatu rezista mwenza nayo ina waya mmoja wa kebo mfululizo nayo, kwa hiyo badiliko lake linapungua kwa sehemu ileile ya 120 ÷ 126.9. Unapata 946 ileile, ila kwa alama chanya. Hakuna waya wa ziada, hakuna kupanda. Kwa geji moja yenye nyaya tatu napendekeza njia hii, mradi shanti iguse rezista mwenza yenyewe tu na isijumuishe waya wake.

Ya tatu ndiyo mtego: shanti inafungwa kwenye skrubu za chombo, pale kebo ya geji inapoingia. Inaonekana ni kitu kilekile na njia ya kwanza, "si waya tu uliopo katikati?" Lakini sasa shanti inaikumbatia geji pamoja na waya wake, na mkondo wake unapita kwenye waya wa ishara, hivyo badiliko linalotoka ni kubwa kuliko lililokusudiwa: chombo kinaonyesha takriban 1172. Unapunguza ukuzaji ili isome 1000. Kumbe streni ya kweli ilikuwa inasoma 946, na sasa umeipunguza tena hadi karibu 807. Ulianza na hasara ya 5.4%, ukafanya ugezi, ukaondoka na hasara ya karibu 19% na cheti mkononi.

Niliwahi kupoteza siku mbili kwenye silo moja ya nafaka kwa sababu hii hasa. Geji za karibu na ngazi zilikubaliana na mzigo, za mbali zilikuwa chini, na kadiri geji ilivyokuwa mbali ndivyo ilivyozidi kuwa chini. Tulishuku gundi, tukabandua geji moja nzuri bila sababu. Kosa lilikuwa skrubu mbili.

11. Nyaya za ziada za shanti hazileti kosa lao?

Haziwezi, kwa vitendo. Ziko mfululizo na rezista ya 59,880 Ω, na nyaya mbili za kebo yetu zinaongeza 13.8 Ω, yaani 0.02%. Ndiyo maana tunapeleka swichi mbali na kuacha rezista popote. Mimi huweka rezista upande wa geji, ndani ya kisanduku kilekile kilichozibwa, kwa sababu mtu akija kubadilisha chombo hawezi kuondoka nayo.

Usizitumie kwa kitu kingine, na ziache wazi kabisa wakati wa kupima. Uvujaji wowote kwenye swichi ni shanti ndogo isiyozimika. Rilei (swichi inayofungwa kwa umeme) ya kawaida ya mguso inafaa; swichi za elektroniki zichaguliwe zile zenye uvujaji mdogo.

12. Nitajuaje chombo changu kinafunga shanti wapi?

Kama mchoro haupo au hauelewi, fanya jaribio la dakika kumi mezani. Funga geji ya 120 Ω kwa nyaya tatu fupi, washa shanti ya ndani, andika namba. Kisha weka rezista ya 10 Ω mfululizo na kila waya kati ya zile tatu, kana kwamba umerefusha kebo, na urudie bila kugusa ukuzaji.

Namba ikishuka kwa karibu 7.7%, chombo kinafunga shanti kwenye rezista mwenza. Endelea na kazi. Ikipanda kwa karibu 25%, kinafunga kwenye skrubu, na usiamini kitufe hicho kwa kebo ndefu.

## Lodi seli na mizani

13. Lodi seli (kihisi cha uzito cha mizani) ina daraja zima ndani yake. Kebo bado inasumbua?

Inasumbua kidogo zaidi ya unavyotarajia. Mikono yote minne iko ndani ya seli, kwa hiyo joto la kebo halisogezi sifuri. Lakini waya za kulisha zinakula volti kabla haijafika: kwa seli ya 350 Ω na kebo yetu, 3.8% inapotea njiani, na hasara hiyo inapanda na kushuka na joto la mchana.

Dawa ni nyaya sita. Mbili zinalisha, mbili zinaleta ishara, na mbili zinaonja volti palepale kwenye seli na kukiambia chanzo cha umeme kiongeze mpaka ifike sawasawa. Kama kebo ya seli ina nyaya nne tu iliyotoka nazo kiwandani, usiikate ili kuifupisha: ukinzani wake umeshahesabiwa kwenye cheti chake. Anzia nyaya sita kutoka mwisho wa kebo hiyo.

14. Shanti kwenye lodi seli inatoa milivolti ngapi?

Gawanya ukinzani wa seli kwa jumla ya shanti mara nne na ukinzani wa seli mara mbili. Seli ya 350 Ω na shanti ya 100 kΩ: 350 ÷ 400,700, yaani 0.873 mV/V (milivolti kwa kila volti ya kulisha). Ukitaka 1 mV/V kamili tumia 87,325 Ω. Kwa 2 mV/V, 43,575 Ω. Lakini seli nyingi zina rezista za kurekebisha ndani yake, kwa hiyo hesabu hii ni ya kukaribia. Namba ya kuitegemea ni ile uliyoisoma siku ya mzigo halisi.

15. Nimefunga nyaya sita, mbona shanti bado inasoma juu?

Kwa sababu mkondo wa shanti unapita kwenye waya wa ishara. Waya huo kwa kawaida haubebi mkondo, ndiyo maana hatuuhofii. Ukifunga shanti upande wa chombo, kati ya waya wa kuonja na wa ishara, unaubebesha, na upungufu wa volti wake unajiunga na ishara. Kosa ni ukinzani wa waya mara mbili ukigawanywa kwa ukinzani wa seli: kwa kebo yetu, 3.9% juu. Ukirekebisha ukuzaji kwa namba hiyo, tangi lenye tani 10 litasoma karibu tani 9.62. Ncha ya pili ya shanti ikiwa kwenye waya wa kulisha badala ya ule wa kuonja, kosa linakaribia kuwa maradufu.

Suluhisho ni waya wa saba na wa nane, kwa ajili ya shanti tu, zilizoungwa kwenye seli yenyewe. Hoja ni ileile ya Swali la 11.

16. Mizani ya malori yenye seli sita kwenye kisanduku kimoja?

Seli sita sambamba za 350 Ω zinakuwa kama daraja moja la 58 Ω, na shanti ileile ya 100 kΩ sasa inatoa 0.146 mV/V badala ya 0.873. Watu huona namba imeanguka na kudhani kitu kimeharibika. Hakijaharibika.

Kuna faida iliyojificha hapa. Seli moja ikikatika, daraja linakuwa la 70 Ω na shanti inapanda kwa 20%. Ukiwa mbali na ukaona shanti imeruka kwa sehemu ya tano, mtume fundi akiwa na seli moja ya akiba. Kwa ukinzani mdogo namna hii, kebo yetu nyembamba haifai kabisa: bila nyaya za kuonja ingekula karibu 19% ya volti. Tumia waya mnene.

17. Je, ugezi wa shanti unakubalika kisheria?

Kwa mizani ya biashara, hapana. Tanzania mizani hiyo inahakikiwa na Wakala wa Vipimo, kwa mawe yaliyohakikiwa, na kupigwa alama. Shanti ni ya kwako mwenye mizani, ikuambie kati ya ukaguzi mmoja na mwingine kama kuna kilichohama. Usiguse ukuzaji uliofungwa muhuri hata kama shanti imekushawishi. Piga simu kwanza.

## Ukiwa mji mwingine

18. Hatua zipi nifuate ninapobonyeza shanti kupitia mtandao, na mara ngapi?

Soma sifuri kwanza, wastani wa sekunde kadhaa. Funga shanti. Subiri kichujio cha chombo kitulie. Kama kichujio ni cha sekunde mbili, subiri kumi. Soma. Fungua, soma sifuri tena. Kinachohifadhiwa ni tofauti kati ya shanti na sifuri, kamwe si namba ya shanti peke yake, kwa sababu daraja la magari lina uzito wake na tangi lina maji yake wakati unapobonyeza. Sifuri mbili zisipolingana, kuna kilichosogea katikati, tupa, rudia.

Alfajiri ndiyo saa nzuri, kabla jua halijaanza kupasha upande mmoja wa chuma na magari hayajawa mengi. Mara moja kwa siku inatosha kwa kituo cha kudumu. Kwa jaribio la mzigo, fanya kabla na baada, hata kama umechoka.

Usiruhusu programu irekebishe ukuzaji yenyewe kwa kufuata shanti. Iandike tu. Anayeamua ni mtu aliyetazama historia: sifuri ikitembea huku shanti imetulia, tazama geji, gundi, joto au chuma chenyewe; shanti ikitembea huku sifuri imetulia, tazama viungo, kebo na volti ya kulisha. Vyote vikitembea baada ya mvua, soma swali linalofuata.

## Yanayotatiza

19. Unyevu unaingiaje kwenye hesabu hii?

Unyevu ni shanti usiyoifunga wewe. Maji yakiingia chini ya geji yanafanya njia ya mkondo sambamba nayo, na hesabu ni ileile ya Swali la 4. Kwa geji ya 120 Ω, uvujaji wa megaohm 10 ni maikrostreni 6 hasi, hakuna anayeona. Megaohm 1 ni 60. Kiloohm 100 ni 600, na hapo ripoti yako imeshaharibika. Geji ya 1000 Ω inapata zaidi ya mara nane ya namba hizo.

Inapofika masika namba zinateremka taratibu kwa siku kadhaa, kisha jua likiwaka zinarudi, na mtu anaandika kwamba muundo "unapumua". Ugezi wa shanti hautalionyesha hili vizuri, kwa sababu rezista mbili sambamba zinajumlika na tofauti inabaki karibu ileile. Linalotoa jibu ni kupima uvujaji kati ya geji na chuma. Ondoa chombo kwanza, na usilete mega (kipima uvujaji) ya volti 500 ya mafundi umeme wa majumbani. Volti 50 au chini ya hapo zinatosha.

20. Chombo changu kinalisha daraja kwa mkondo geu (AC). Kuna tofauti?

Ipo kwa kebo ndefu. Vyombo vya aina hiyo hutumia masafa kama 225 Hz au 4.8 kHz, na hapo uwezo wa kebo kuhifadhi chaji unakuwa shanti nyingine tena. Kebo yenye pikofaradi 100 kwa mita, kwa mita 100, inazuia kwa takriban kiloohm 3.3 tu kwenye 4.8 kHz. Nyaya za shanti zilizoachwa zikining'inia zinaongeza uwezo huo. Chagua masafa ya chini kama kipimo chako ni cha polepole, sawazisha sehemu zote mbili za ishara (ya ukinzani na ya uwezo), na weka rilei upande wa geji ili nyaya ndefu za shanti zikatike kabisa wakati wa kupima.

21. Shanti ilisahaulika imefungwa wiki nzima. Data imepotea?

Haijapotea kama unajua ilifungwa saa ngapi. Toa thamani ya shanti kwenye kila namba ya kipindi hicho. Mabadiliko ya streni yapo yote, yamehamishwa tu. Tatizo ni pale ambapo mtu aliona namba za ajabu katikati ya wiki, akabonyeza "sifuri", na hakuandika. Weka kipima muda ndani ya rilei yenyewe ili ijifungue baada ya dakika moja, intaneti ikatike au isikatike.

22. Nimebadilisha amplifaya. Nirudie mzigo halisi?

Si lazima, na hapa ndipo ile shanti ya siku ya kwanza inapolipa. Funga amplifaya mpya, bonyeza shanti ileile kwa rezista ileile mahali palepale, na urekebishe ukuzaji mpaka tofauti ilingane na ile iliyoandikwa. Kama rezista ilikuwa ndani ya amplifaya ya zamani na imeondoka nayo, umepoteza kiungo. Ukiipata, ipeleke maabara ya ugezi, TBS ya Tanzania au KEBS ya Kenya, uulize thamani yake halisi. Usipoipata, jaza tangi upya.